Siku tisa na mirija ya kutoa majimaji baada ya liposaksheni

Kabla ya upasuaji wa liposaksheni, yaani kunyonywa mafuta ya mwilini, nilisoma sana kuhusu mafuta, makovu na nguo ya kubana. Kuhusu mirija ya kutoa majimaji sikukuta ila sentensi mbili tatu. Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, kila upande wa kiuno ulikuwa na mpira mwembamba unaotoka ndani ya ngozi, na mwisho wa kila mpira kilining'inia kibuyu cha plastiki laini, ukubwa wa limau kubwa, nusu kimejaa damu. Nilitetemeka. Naandika haya kwa ajili ya mtu atakayezinduka hivyo hivyo.

Si kila anayenyonywa mafuta huwekewa mirija. Madaktari wengi huviacha wazi vile vitundu vidogo walivyopitishia chuma cha kunyonyea, majimaji yakajitokea yenyewe siku za mwanzo. Mimi nilifanyiwa tumbo, mbavu na mgongo wa chini, na daktari alinieleza kwamba mgongo wa chini hukusanya majimaji kwa urahisi. Mafuta yakishatoka hubaki nafasi chini ya ngozi, na mwili huanza kuijaza. Majimaji yakikosa njia hutuama, ukapata uvimbe unaochezacheza ukiugusa, wanauita seroma, na mara nyingi huishia kuvutwa kwa sindano. Tena kuna yale maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini yanayoingizwa kabla ya kunyonya. Sehemu yake hubaki mwilini, ndiyo maana siku ya kwanza yanatoka mengi, mepesi na mekundu.

Vibuyu vyangu vilikuwa vya aina ya Jackson-Pratt, na kwa kweli nimeviheshimu. Havina umeme wala betri. Unafungua kizibo, unamimina kwenye kikombe chenye vipimo, unakibonyeza kibuyu mpaka kikunjamane, kisha unarudisha kizibo ukiwa bado umekibana. Kinapojaribu kurudi kwenye umbo lake ndipo kinapovuta. Kikikaribia kujaa hakivuti tena vizuri, kwa hiyo usingoje kifurike. Mimi nilimwaga asubuhi na jioni, na siku mbili za mwanzo hata usiku wa manane. Kunawa mikono kwanza, kila mara, bila kuruka.

Kila nilipomwaga niliandika kwenye daftari: saa, upande, mililita, rangi. Siku ya kwanza kulia 130, kushoto 95, nyekundu. Siku ya pili kulia 105, kushoto 80, rangi imeanza kupauka. Siku ya tatu asubuhi kulia nikapata 15 tu. Nilifurahi mno, nikaona upande huo umeshapona na mpira utatolewa mapema.

Jioni hiyo mdogo wangu alikuwa akitandika kitanda, akaniuliza, "Dada, mbona shuka limelowa upande huu?" Tulipoangalia, bandeji ya kulia ilikuwa imelowa chepechepe, na ngozi pale imetuna. Nikampigia nesi wa zamu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ndani ya mpira unaona nini?" Nikauinua kwenye mwanga. Kulikuwa na uzi mweusi wa damu iliyoganda, urefu wa kidole, umekaa pale pale mpira unapopinda kutoka mwilini.

Akanielekeza kukamua. Shika mpira kwa nguvu karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja, usiuachie, ili usivutike ukaumiza mshono. Kwa vidole vya mkono wa pili, vilivyopakwa sabuni kidogo viteleze, uubane na kuuvuta kuelekea kwenye kibuyu, taratibu. Mara ya tatu lile donge lilisogea, mara ya nne likaanguka ndani ya kibuyu, na majimaji yakaanza kukimbia. Kabla ya kulala nilikuwa nimemwaga mililita 70 upande huo peke yake, na ile ngozi iliyotuna ikalala.

Ndiyo maana nasema namba peke yake isikudanganye. Majimaji yanayopungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa, huku rangi ikitoka nyekundu, ikawa waridi, ikawa manjano kama nyasi kavu, huko ni kupona. Yakikatika ghafla, kagua mpira na bandeji kwanza. Na hapa nina lawama: hospitali ilinipa kikombe na karatasi iliyosema "piga simu ukipata tatizo," lakini hakuna aliyenionyesha kukamua, wala tatizo lenyewe linafananaje. Dakika tano kabla ya kuniruhusu zingetosha. Daktari aliponieleza baadaye ndipo nilipojua ya kupigia simu hapo hapo: kibuyu kujaa haraka damu nzito, homa ya 38 kwenda juu, wekundu unaotambaa kuzunguka tundu, usaha au harufu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikikata, hapo ni kukimbilia hospitali, si simu tena.

Kulala nilipata tabu. Nilizoea mgongo, mto chini ya magoti, vibuyu vimefungwa kwa pini kwenye nguo ya kubana, kupitia kitanzi cha kila kibuyu na si kwenye mpira. Siku niliyosahau kuvifunga nikasimama, uzito wake ulivuta mshono hadi machozi yakanitoka.

Daktari wangu alitaka kila mrija ushuke chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Wa kulia ulitoka siku ya sita, wa kushoto siku ya tisa. Nesi alikata uzi wa mshono ulioshika mpira, akaniambia nivute pumzi ndefu, na nilipokuwa naitoa akauvuta. Haukuuma nilivyoogopa. Unasikia kitu kirefu kinateleza ndani, hisia ngeni kabisa, kisha kimekwisha. Tundu lilichuruzika siku mbili, likajifunga.

Nguo ya kubana niliivaa usiku na mchana kwa wiki sita, na mara ya kwanza kuivua ili nioge nilipatwa na kizunguzungu, nusura nianguke. Iweni na mtu karibu siku hiyo, na mvue mkiwa mmekaa. Uvimbe ulizidi siku ya nne, damu iliyovilia ikafutika kwenye wiki ya tatu. Kutembea chumbani nilianza jioni ile ile ya upasuaji, kwa amri ya daktari, ili damu isigande miguuni.

Sasa ni mwezi wa nne. Kiuno kimekaa vizuri, uvimbe mdogo bado huja jioni nikisimama sana. Mgongo wa chini, upande wa kulia, kuna sehemu ya upana wa kiganja ambayo bado ina ganzi, ingawa wiki hii nimeanza kusikia kama sisimizi wanatembea pale. Daktari anasema ni neva zinarudi. Makovu ya mirija ni nukta mbili za kahawia, ndogo kuliko punje ya mahindi. Vibuyu navipa nyota tano. Maelekezo niliyotoka nayo hospitali nayapa mbili.