Bafa ya DMA kwenye Linux: dma_alloc_coherent au dma_map_single?

Mwandishi wa draiva (programu inayoendesha kifaa) ana njia kuu mbili za kupata bafa ya DMA, yaani eneo la kumbukumbu ambalo kifaa hulisoma na kuliandika chenyewe bila kupitia prosesa. Ya kwanza, dma_alloc_coherent, humpa kumbukumbu ambayo prosesa na kifaa huiona sawasawa muda wote. Mpangilio wa anwani nao umehakikishwa: ukiomba baiti 5000 kwenye mashine yenye kurasa za baiti 4096, bafa itaanzia kwenye kizidisho cha 8192. Inafaa sana kwa pete za maelekezo za kadi ya mtandao (orodha za mzunguko zinazoieleza kadi bafa zilipo), ambazo prosesa na kadi huzigusa kila mara. Ila kwenye prosesa nyingi za ARM kumbukumbu hiyo haipitii kache (kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa), hivyo kuisoma ni polepole.

Ya pili, dma_map_single, hutumia bafa uliyonayo tayari. Kwa data nyingi inayokwenda upande mmoja, naichagua hii bila kusita. Lakini hapa ndipo mpangilio unapouma. Mstari wa kache, yaani kipande ambacho kache hukishughulikia kwa pamoja, mara nyingi ni baiti 64. Bafa ikigawana mstari na kigeu kingine, kerneli (kiini cha Linux) inapoubatilisha mstari huo, yaani kuutupa kutoka kwenye kache, ili prosesa isome data mpya ya kifaa, thamani iliyoandikwa jirani yake inaweza kupotea kimyakimya. Kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD) maunzi huoanisha kache yenyewe, kwa hiyo kosa hujificha hadi draiva ihamie ARM!

Iombee bafa nafasi yake peke yake kwa kmalloc, amri ya kerneli ya kuomba kumbukumbu. Usiibane katikati ya muundo wa data, wala usiiweke kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya fomula inayoendeshwa). Na kabla ya kusoma bafa ambayo bado imeunganishwa na kifaa kwa dma_map_single, ita dma_sync_single_for_cpu.