TAHADHARI: kartushi za kalibre 12 zilizojazwa upya zinauzwa Lubumbashi kama mpya

Wandugu wawindaji wa Lubumbashi na wa njia ya Kipushi, someni hii kabla hamjatoa pesa.

Kuna mtu anazunguka upande wa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, na katoni za kartushi 25 za kalibre 12. Anaapa zimeingia kwa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, mpya kabisa, dola 20 katoni. Nilichukua katoni mbili. Kibali ninacho, na bunduki ni ya marehemu baba, ya mitutu miwili. Aliitunza kuliko baiskeli yake.

Kartushi ya kwanza ilitoa moshi mweupe, sikuona tena kanga wala kichaka, na harufu ya yai viza. Nikajua ndani kuna baruti nyeusi ya zamani, siyo ile isiyo na moshi iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa: nyingine hutoka kama moshi, nyingine hushika chumani, masizi na chumvi pamoja. Kufika ya nne, mitutu ilikuwa myeusi kama chungu cha bukari (ugali).

Niliporudi kumuuliza hakukana. Alinitolea chupa ya "dawa ya masizi", dola 5. Hapo ndipo ninapoumia zaidi: anayekuuzia uchafu ndiye anayekuuzia na dawa yake. Nilipaka, nikalala. Asubuhi, madoa ya kutu. Ilikuwa oili chafu ya motere na mazutu (dizeli), harufu haifichiki. Mafuta hayayeyushi ile chumvi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kuvuta unyevu. Na mvua hizi, usiku mmoja unatosha.

Kinachoitoa ni maji. Hakikisha bunduki haina kitu ndani, tenganisha mitutu na mbao, pitisha maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa kitambaa cha fimboni mpaka kitoke cheupe. Kausha kabisa, ndipo upake mafuta mepesi ya bunduki. Siku ileile uliyopiga.

Kuzitambua si vigumu ukizitoa kwenye katoni. Kitako cha shaba kina mikwaruzo na kimefifia, lakini fataki katikati, ile inayogongwa kuwasha baruti, inang'aa. Mikunjo ya mdomo imelegea, mingine imezibwa kwa nta ya mshumaa. Katoni haina namba yoyote ya kiwanda.

Na si masizi tu. Baruti ikipungua, kizibo kinachotenga baruti na chembe za risasi kinaweza kubaki ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili juu yake, mtutu unapasuka karibu na vidole vyako. Siku akikosa baruti nyeusi akajaza isiyo na moshi kwa kipimo kilekile, ni mbaya zaidi, maana hiyo ina nguvu kuliko nyeusi.

Kama unazo, usipige hata moja. Zangu 46 zilizobaki nimezipeleka polisi, na ile chupa pia.