Kikata chupa cha magurudumu: kizuri kwa mdomo uliomeguka, hakisaidii mwili ulioingia ufa

Chupa ikimeguka mdomo huishia jalalani, au kusimikwa kwenye saruji juu ya ukuta wa uzio. Kwa kifaa hiki unaondoa shingo na kubaki na kopo la kalamu au chombo cha kuoteshea dania. Ni fremu ya chuma yenye magurudumu ya kulazia chupa, na kigurudumu kimoja kidogo, kigumu, cha kuchora mstari.

Chupa ioshwe, itolewe lebo na gundi yote, ikauke. Tia tone la mafuta ya taa kwenye kigurudumu, kisha zungusha chupa taratibu, mzunguko mmoja tu. Ukisikia mchakacho mwembamba usiokatika, mstari unaingia. Sauti ikikatika, hapo kioo hakikuchorwa, na hapo ndipo ufa utakapopotea njia. Hata hivyo usirudie: mchoro wa pili hutoa nyufa ndogo za pembeni na kukitia butu kigurudumu.

Kinachokata ni maji. Mimina ya moto juu ya mstari kwa sekunde 10 hadi 15 huku ukizungusha, halafu chovya kwenye maji ya bomba. Ukirudia mara mbili tatu shingo huachia yenyewe. Haraka ya kutumia maji yanayotokota na barafu hupasua chupa popote inapotaka. Ile mbinu ya kuifunga chupa uzi uliolowekwa spiriti na kuuwasha inapendeza kwenye video tu. Moto hauwi sawa pande zote, na ukingo hutoka kama meno ya msumeno.

Ubaya wa kifaa uko kwenye skrubu. Hulegea katikati ya kazi, mstari ukaanzia hapa na kuishia milimita mbili pembeni, nawe ukapata ukingo wenye ngazi. Kaza kwa koleo kabla ya kila chupa. Msasa unaokuja na kifaa haumalizi hata chupa moja. Nunua msasa wa maji namba 120, 220 na 400, uutandaze juu ya kigae, umwagie maji, usugue ukingo kwa mduara, kisha upitishe kwa mshazari ndani na nje. Usisugue pakavu, vumbi la kioo halifai kuvutwa. Miwani na glovu ni lazima.

Chupa za pembe nne hukatika ovyo, na zenye maandishi ya kuvimba hurusha kigurudumu. Vyombo vya kioo cha kuokea havisikii maji moto, maana havitanuki kiasi cha kutosha. Glasi iliyotiwa ugumu kiwandani husambaratika yote. Ufa ulioanzia mdomoni nao uishie angalau sentimita mbili juu ya mstari: mulika kwa tochi ya simu, kisha gonga kwa ukucha. Mlio mzito usiovuma maana yake ufa umeshashuka.

Usinywee kilichokatwa, ukingo uliosuguliwa kwa mkono huweza kumeguka chembe. Kwa dania, ingiza ndani kopo la plastiki lenye matundu, kwani kokoto peke yake hazizuii mizizi kuoza.

Kama chupa ni mbili tatu tu, hakuna haja ya kununua. Almasi ya fundi vioo, yaani kalamu yake ya kukatia kioo, ikiegemezwa juu ya kipande cha ubao kisichosogea huku chupa ikizungushwa, huchora mstari uleule.