Kuhakiki kuponi kabla ya kwenda dukani: uzoefu wangu na orodha ya CIC

Ukiishi Marekani na una watoto wadogo, kuponi, yaani kile kikaratasi kinachokupunguzia bei ya bidhaa dukani, si kitu cha kubeza. Boksi la pampasi, dumu la sabuni ya kufulia na maziwa ya kopo vikishaingia kwenye kikapu kimoja, hela ya wiki imeyumba. Dola mbili zikipungua hapa na tatu pale, umepata ya mafuta ya gari. Mimi niko Columbus, Ohio. Nimenunua kwa kuponi kwa muda mrefu, na sasa kina mama wenzangu wa Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, huniletea karatasi zao niziangalie kabla hawajaenda nazo dukani. Ninachokitegemea zaidi katika kazi hiyo ni orodha ya kuponi bandia inayowekwa bure mtandaoni na Coupon Information Corporation, shirika ambalo watu wa kuponi huliita CIC tu.

CIC ni shirika lisilo la faida, lilianzishwa 1986, na wanachama wake ni kampuni zenyewe zinazotoa kuponi. Hapo ndipo imani yangu kwao ilipoanzia. Wakitangaza kwamba kuponi fulani ni ya kughushi, neno hilo limetoka kwa mwenye bidhaa, halikutoka kwa mtu anayekisia. Tovuti yao haina mapambo. Unaingia kwenye tangazo la kuponi bandia, unatafuta jina la bidhaa, unafungua picha, unailinganisha na karatasi uliyo nayo mkononi. Huhitaji kujisajili wala kulipa. Kwa mama ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, picha peke yake inatosha kumwonyesha kwamba karatasi yake na ile ya kwenye orodha ni kitu kimoja.

Wengi huniuliza: kuna haja gani ya kuhangaika hivyo, wakati mashine ya keshia ipo na itakataa yenyewe kama kuponi ni mbaya? Swali hili nalijibu kwa kirefu kila ninapoulizwa, kwa sababu ndiko watu wanakoumizwa. Mashine kuikubali kuponi si ushahidi kwamba kuponi ni halali. Tangu 2011 kuponi za viwandani hapa Marekani zinatumia bakodi inayoitwa GS1 DataBar, ile mistari iliyopangwa kwa safu, moja juu ya nyingine. Ndani yake kuna namba ya kampuni, thamani ya punguzo, unachotakiwa kununua, na mara nyingi tarehe ya mwisho. Keshia akiipitisha, mashine inasoma yaliyomo kwenye karatasi hiyo hiyo na kuyalinganisha na vitu ulivyonunua, basi. Haiulizi kiwanda kama kweli kilitoa karatasi hiyo. Kwa hiyo anayejua jinsi tarakimu zile zinavyopangwa anaweza kukaa nyumbani na kompyuta yake akatengeneza kuponi itakayopita kwenye mashine bila kelele yoyote.

Na wapo waliofanya hivyo. Mwaka 2021 mahakama ya shirikisho iliyoko Virginia ilimhukumu mwanamke mmoja wa Virginia Beach kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia na kuziuza kupitia mitandao ya kijamii. Hasara iliyohesabiwa ilizidi dola milioni 31. Mumewe naye alifungwa zaidi ya miaka 7. Kilichofichua mchezo wote ni taarifa ya mmoja wa wateja wa mwanamke huyo, na taarifa hiyo ilipelekwa CIC.

Hasara inamwangukia nani? Duka likipokea kuponi ya kiwanda, linakupunguzia wewe kwanza kutoka mfukoni mwake. Kisha linazikusanya na kuzipeleka kwenye kampuni za kuhesabu kuponi, nazo zinakidai kiwanda. Kuponi nyingi zina anwani ya kurejeshea iliyochapwa kwa herufi ndogo. Anwani moja ya Del Rio, Texas, ilikaa kwa miaka kwenye kuponi nyingi kiasi kwamba tuliozoea tunaitambua kwa jicho. Kiwanda kinalirudishia duka thamani ya kuponi pamoja na senti chache za usumbufu, kwa kawaida senti 8. Kuponi ikionekana ni bandia, kiwanda hakilipi, duka limeliwa. Ndiyo maana meneja aliyewahi kupata hasara hiyo huwa mkali hata kwako wewe mwenye karatasi halali, na mimi simlaumu.

Sasa nieleze orodha inapoishia, maana sitaki mtu aitegemee peke yake. Orodha inakuonyesha bandia zilizokwisha kujulikana. Iliyotengenezwa jana usiku haitakuwemo. Kutoiona kuponi yako pale si cheti kwamba ni halali.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa dada mmoja aliyeniletea kuponi ya pakiti ya pampasi bure, bure kabisa. Alitumiwa picha kwenye kundi la WhatsApp, akaichapisha kwa printa ya maktaba. Tulitafuta kwenye orodha, haikuwemo. Basi tukaiweka mezani tukaikagua kipande kwa kipande. Juu, panapopaswa kuwa na tarehe ya kuisha, palikuwa peupe. Kingo za maandishi zilikuwa na ukungu, kama picha iliyopigwa juu ya picha nyingine, lakini bakodi ilikuwa imekolea wino, kali, ya rangi nyeusi tofauti na maandishi mengine. Mtu aliibandika baadaye. Kisha tukaangalia ile namba ndefu ya pembeni. Kuponi halali unayoichapisha mwenyewe kutoka mtandaoni hupewa namba yake kila inapotoka kwenye printa, na tovuti inakuruhusu kuchapisha chache tu, mara nyingi mbili kwa kompyuta moja. Tukampigia rafiki yake wa kundi lile lile aliyekuwa amechapisha na yeye. Akasoma namba kwenye simu, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa ile ile. Haikuhitaji mjadala zaidi, tukaichana.

Kutokana na visa vya namna hiyo nimejiwekea utaratibu wangu. Kuponi ikija kama picha au faili ambalo mtu yeyote anaweza kulichapisha mara mia, siigusi. Kiwanda kinachotoa hela yake hakiachii mlango wazi namna hiyo isipokuwa mara chache sana. Ikitoa bidhaa nzima bure, naitilia shaka zaidi, kwa sababu kuponi za bure za kweli kwa kawaida huja kwa posta, kwenye karatasi nzito yenye alama za usalama, labda baada ya wewe kuandika kiwandani kulalamika juu ya bidhaa mbovu. Punguzo likikaribia bei yenyewe ya bidhaa, nasimama. Tarehe ikiwa haipo, au iko mbali mno, nasimama tena. Na kuponi inayouzwa na mtu mtandaoni siinunui hata ikionekana safi namna gani. Kuponi nyingi zimeandikwa wazi kwamba haziuzwi wala hazihamishwi, kwa hiyo hata halali inaweza kukataliwa ikijulikana ilinunuliwa.

Kuna aina nyingine ambayo haina haja hata ya kuifikisha dukani. Ni zile zinazozunguka Facebook zikikuahidi dola 75 za duka kubwa baada ya kujibu maswali mafupi. Costco ililazimika kuwatangazia wateja wake kwamba kuponi yake ya dola 75 iliyokuwa ikisambazwa ni utapeli. Lengo la hizo ni wewe mwenyewe: jina lako, namba yako ya simu, barua pepe yako, pengine na kadi yako ya benki. Ukiona inakutaka uisambaze kwa marafiki kwanza ndipo uipate, ifute.

Kuhakiki, hata hivyo, si kutafuta bandia tu. Kuponi nyingi zinazokataliwa ni halali kabisa ila aliyenazo hakuzisoma. Usitazame picha. Picha mara nyingi inaonyesha saizi kubwa au aina ya bei juu, lakini kinachobana ni maneno: wakia ngapi, pakiti ya ngapi, aina gani zimetolewa. Chupa ndogo za safari karibu siku zote zimeondolewa. Tarehe iliyoandikwa inahesabika mpaka siku hiyo iishe, kwa hiyo ukiwahi jioni bado uko salama. Halafu tazama kikomo. Zipo zinazoruhusu kuponi moja kwa kila bidhaa unayonunua, na zipo zinazoruhusu moja tu kwa malipo yote ya safari ile. Ukichanganya hizo mbili utabishana na keshia bure. Na bidhaa moja haipokei kuponi mbili za kiwanda. Ukishaweka ya kidijitali kwenye akaunti yako ya duka, ile ya karatasi kwa bidhaa hiyo hiyo ibaki nyumbani.

Zaidi ya hayo, ingia kwenye tovuti ya duka unalokwenda usome sheria zao za kuponi. Karibu kila duka kubwa limeziandika. Kuna yasiyopokea za kuchapisha nyumbani zenye thamani kubwa, kuna yasiyopokea kuponi za viwanda kabisa, Costco ikiwemo. Mimi sheria za maduka ninayokwenda mara kwa mara ninazo kwenye simu.

Kusoma hivyo kabla ya kutoka nyumbani kumenisaidia zaidi ya mara moja. Katika duka moja la mtaani kwetu mashine iliikataa kuponi yangu ya sabuni ya kufulia, ikalia, na keshia akanirudishia karatasi akisema haifai. Nilijua inafaa. Niliweka dumu na kuponi pamoja kwenye kaunta, nikamwonyesha kwa kidole: wakia zilizoandikwa kwenye karatasi, wakia zilizoandikwa kwenye dumu, tarehe, jina. Nikamwomba kwa upole amwite meneja. Meneja alisoma, akalinganisha, akasema bidhaa ile imebadilishiwa dumu na namba yake mpya huenda bado haijaingia vizuri kwenye mfumo wao, akaipitisha kwa mkono. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na zamani ningeona haya nikaondoka. Lakini ukishaisoma karatasi yako nyumbani, unaongea bila kutetemeka. Kwa sisi wageni hilo lina uzito wake. Hakuna anayependa kuonekana mwizi mbele za watu katika nchi ya watu, na mtoto amekushika sketi.

Naona pia mambo yanaelekea kuzuri. Shirika jingine lisilo la faida, The Coupon Bureau, linasimamia kuponi za kidijitali za aina mpya zinazojulikana kwa namba 8112. Tofauti yake na DataBar ni kubwa: kila kuponi ina namba yake ya pekee, na mashine ya duka inauliza hifadhi moja ya pamoja pale pale kama kuponi hiyo ipo na kama imeshatumika. Ikishatumika, imekufa, haipiti tena hata ikinakiliwa. Aliyezoea kusambaza picha kwenye kundi hatapata kitu. Ninaziunga mkono kwa moyo wote, ila nawafikiria wazee wasio na simu za kisasa. Kwao karatasi ya gazeti la Jumapili bado ndiyo kuponi, na ningependa maduka yaendelee kuipokea.

Kwa jumla huduma ya CIC naipa alama za juu. Ni bure, ni ya uhakika kwa kile inachokitangaza, na inaeleweka hata kwa asiyejua kusoma sana. Ningefurahi zaidi kama maelezo yake yangekuwa na lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, kwa sababu bandia nyingi zinazotufikia zinapitia makundi yetu wenyewe, zikitumwa na watu tunaowaamini na ambao nao wametumiwa.

Ukikutana na mtu anayeuza kuponi, au kundi linalozigawa kwa wingi, CIC wanapokea taarifa kupitia tovuti yao, na kwa baadhi ya kesi hutoa zawadi kwa taarifa inayosaidia kuwakamata wahusika. Usifute ujumbe kabla hujaupiga picha. Hifadhi jina la kundi, tarehe, na kuponi yenyewe kama ilivyokuja, bila kukata pembeni, maana zile namba ndogo za pembeni ndizo wanazozihitaji.