Miezi saba na programu ya habari za usalama: hodari kwa mbio, goigoi kwa kurudi

Tangu mapema mwaka huu nimekuwa nikilipia programu moja ya habari kwenye simu, shilingi 150 kwa mwezi, na kilichonivutia ni ahadi yake ya kufuatilia siasa za usalama wa taifa katika Pwani ya Kenya kwa Kiswahili. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa nina malalamiko nayo na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Ninaishi Majengo, Mombasa, mwendo mfupi kutoka Msikiti Musa, na mkaazi wa mtaa huu hana haja ya kuelezwa kwa nini habari za namna hii humgusa. Polisi walipouvamia msikiti huo tarehe 2 Februari 2014 na kukamata zaidi ya watu 100, vichwa vya habari vilikuwa vikubwa. Wengi wao walipoachiliwa baadaye, sisi majirani tulijua kwa kuwaona wakirudi makwao, wala si kwa kusoma popote.

Kwa upande wa kasi sina neno. Arifa huingia kabla ya redio kusema lolote, haili bando nyingi, na kuna kitufe cha kusomewa habari kwa sauti ambacho mama yangu, ambaye macho yake yamechoka, hukitumia kila baada ya Alfajiri. Kiswahili chake ni safi kuliko cha magazeti kadhaa ninayoyajua.

Tatizo ni kwamba kazi huishia kwenye arifa. Programu hii ina hifadhi ya habari inayorudi nyuma hadi mwaka 2013, nami niliamua kuipima kwa matukio ambayo mwisho wake unajulikana. Nilianza na shambulio la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ambamo watu 67 waliuawa. Mwanzoni maafisa wa serikali walitaja washambuliaji kati ya 10 na 15, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa walikuwa wanne. Katika hifadhi hiyo idadi ya kwanza ingali pale, bila tanbihi wala kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye masahihisho. Kisha nikatafuta mashambulio ya Juni 2014 huko Mpeketoni, Lamu. Hapa walijitahidi zaidi, kwa sababu wameweka kauli ya kundi la wapiganaji la Al-Shabaab ya kudai kuhusika na pia hotuba ya Rais Uhuru Kenyatta aliyesema kuwa ni njama za mitandao ya kisiasa ya humu nchini, lakini kila kauli imelala peke yake kwenye ukurasa wake, na hakuna mwandishi aliyethubutu kuziweka pamoja na kuuliza ushahidi ulielekea wapi.

Jaribio lililonikera zaidi lilihusu mashirika ya MUHURI na Haki Africa. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaweka mashirika hayo mawili ya haki za binadamu kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Habari hiyo ipo, na picha juu. Mwaka huohuo Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kwa faida ya mashirika hayo, na uamuzi huo nimeutafuta kwa maneno yote niliyoyajua nisiupate. Mgeni anayesoma hifadhi hii leo ataondoka akiamini kwamba tuhuma zile hazijajibiwa hadi sasa.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja. Baada ya siku nne nikajibiwa, "Ndugu mteja, habari za usalama zina masharti ya kisheria." Jibu hilo lilinishangaza, maana sharti kali lililowahi kuwekwa, lile la kifungu cha 12 cha sheria ya usalama ya Desemba 2014 lililotishia mwanahabari kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, lilibatilishwa na Mahakama Kuu mnamo Februari 2015. Isitoshe, sijui sheria yoyote inayomzuia mhariri kuripoti hukumu iliyosomwa mahakamani hadharani. Niliandika tena nikiyasema hayo, na hadi sasa ningali nasubiri jibu.

Jambo jingine ni lugha ya wale wasiotajwa. Karibu kila habari ya mtu kutiwa mbaroni huegemea "duru za usalama", na mara nyingi duru hizo ni afisa mmoja tu. Mshukiwa huitwa mshukiwa katika aya ya kwanza, kisha hugeuka gaidi kufikia aya ya tatu kabla hajafikishwa kortini. Familia yake haiulizwi, na wakili wake hatajwi. Sidai kwamba polisi hudanganya kila wanaposema. Nadai kwamba mimi ninayelipa ningependa kujua ni nani hasa anayesema na ananufaika vipi.

Haki itendeke, lakini: makala za sauti za Jumamosi ni kazi ya kupigiwa mfano. Moja ilihusu wavuvi wa Lamu waliozuiwa kuvua usiku kwa sababu za kiusalama, na mtangazaji aliwaacha wazee wenyewe waeleze jinsi samaki fulani wasivyopatikana mchana, nyavu zilivyooza na vijana walivyohama, kabla ya kumhoji afisa wa serikali kwa jina na cheo chake. Nyingine iliingia vijiji vya kando ya msitu wa Boni, ambako operesheni ya kijeshi ilianza Septemba 2015, ikasikiliza watu wa jamii ya Waaweer wanaotegemea msitu huo kwa asali. Dakika 40 zilipita nisizihisi. Ajabu ni kwamba makala hizi huwekwa chini kabisa ya ukurasa, baada ya matangazo ya mikopo ya simu.

Kwa jumla naipa nyota tatu kati ya tano. Nimelipia mwezi mwingine kwa ajili ya Jumamosi, na arifa nimezizima zote.