Kukata mwembe mkubwa wa uani: uzoefu wangu na mafundi wa Tanga

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaeleza imepotelea wapi.

Kazi ilikuwa mwembe dodo wa uani kwetu, Tanga, aliouotesha babu kabla mama hajazaliwa. Mchwa walishaumaliza kwa ndani. Ukiligonga shina upande wa jikoni, linalia kama ngoma. Mvua za vuli zilipoanza, tawi moja likashuka na bati la choo. Hapo hata mama, aliyekuwa akisema mwembe huu ndio utakaomzika yeye, akakubali. Sharti lake: usiguswe mpaka embe za mwisho zishuke. Tukasubiri msimu uishe.

Fundi wa kwanza alikuja na shoka na kijana mmoja, akataka kuuangusha mzimamzima. Uangukie wapi? Huku jiko, kule ukuta wa jirani, katikati waya wa umeme. Nikamshukuru, akaenda zake. Hawa wa pili, mkubwa wao aliuzunguka kwanza bila kusema kitu, akalichokoa shina kwa ncha ya panga, kisha akasema, "Huu hauangushwi. Huu unashushwa."

Na kweli waliushusha. Umeme ulizimwa, mpandaji akajifunga kamba, na kila tawi lilifungwa kabla ya chenso kuligusa, likateremshwa taratibu hadi chini. Vijana walivaa mikono mirefu juani, maana utomvu wa mwembe unababua ngozi (mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, wanaobangua korosho wanajua). Jiko halikupata hata mkwaruzo.

Lakini kilichonikosha kilitokea kabla ya mashine kuwashwa. Yule mkubwa alimwambia mama, "Mama, kama bado unautaka mwembe wako, tuchukue vikonyo kwanza." Akachagua ncha zilizokomaa, unene wa penseli, akapunguza majani, akazifunga kwenye kitambaa kibichi na kutuelekeza kwa mzee wa miche anayebebesha, yaani anayeunganisha kikonyo juu ya mche mwingine. Mche uliobebeshwa unazaa embe zilezile za mti wa zamani, ndiyo maana mama alizishika zile ncha hakuzitoa mkononi. Baadaye akaliegemea shina, akamsomea babu Fatiha. Hakuna aliyemharakisha, wala hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Hilo sikulilipia.

Sasa nyota ya tano. Bei ilikuwa shilingi 600,000, ghali lakini haki yao ukiona ile kazi ya kamba. Ubishi ukaja kwenye gogo, ambalo wao walishalihesabu kuwa lao. Gogo la mwembe lina soko: wachonga mitumbwi wanalitafuta, na hata bovu linaishia kwenye tanuri la matofali. Letu lilikuwa bovu chini tu, juu zima kabisa. Tukabishana getini mpaka majirani wakatoka. Mwisho wakachukua pande la juu, sisi tukabaki na kuni za kupikia pilau mwaka mzima. Kisiki wamekiacha palepale. Kuking'oa ni bei nyingine, na hilo nalo walilisema wakiwa tayari wamepakia vifaa.

Shangazi yangu Pangani ana mkorosho ulioegemea paa. Namba yao nimeshampa, ila nimemwambia gogo na kisiki viandikwe kwenye karatasi kabla hajatoa hata senti.