Mwaka mmoja katika klabu ya michezo Tororo: soka nyota mbili, mpira wa pete nne

Nianze kwa kujitaja kidogo. Nauza mitumba soko kuu la Tororo, mashariki mwa Uganda, na Kiswahili changu nilikiokota mpakani Malaba kwa madereva wa malori na maejenti wa forodha. Atakayenisahihisha ngeli anunue kwanza. Januari nililipa shilingi 50,000 za uanachama wa mwaka katika klabu moja ya michezo hapa mjini. Jina silitaji, kwa sababu mwenyekiti ni mteja wangu na deni lake la mashati matatu bado liko kwenye daftari.

Kilichonitoa pesa ni soka, sitadanganya. Kijana aliyepita sokoni na kitabu cha risiti hakuzungumzia kingine. "Mama, ukiwa mwanachama unaingia bure mechi zote za nyumbani." Mgeni hulipa 3,000 langoni, 5,000 akitaka kukaa chini ya bati. Nikapiga hesabu palepale juu ya rundo la suruali: mechi kumi na mbili kwa 5,000 ni 60,000. Nikajiona mjanja.

Timu iko ligi ya kanda ya mashariki. Kwa asiyejua ngazi za FUFA, shirikisho la soka la Uganda, chini kabisa kuna ligi za wilaya, zikifuatwa na za kanda, halafu Big League, na juu ya wote Ligi Kuu yenye timu 16. Kwa hiyo hawa wetu wako ngazi ya tatu kutoka juu, mahali ambapo kamera haziji na kila mchezaji ana kazi yake. Kipa anachomelea mageti. Winga wa kushoto ni wa boda, na siku ya mechi huegesha pikipiki nyuma ya goli la wapinzani ili aione anaposhambulia. Mapumziko, wenzake wakinywa maji, yeye anaisukuma hadi upande wa pili. Mimi nilikuja kuona mabao, lakini mwaka mzima kitu nilichokitazama kwa hamu kuliko vyote ni safari ya ile pikipiki.

Uchezaji? Hadi dakika ya sitini utawapenda. Wanapigiana pasi fupi, wanakimbia, beki wa kulia anapanda kama ana haraka ya kwenda sokoni. Baada ya hapo pumzi zinakwisha, kocha anaanza kupiga kelele "mbele! mbele!", na mpira unakuwa wa kurusha angani na kuomba Mungu. Siku moja shuti liligonga mwamba, wa goli, si Mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe wa hapa mjini, likatoka nje, na jukwaa zima likacheka kabla ya kulia. Ule wa mji nao unaonekana vizuri kutoka kwenye jukwaa, na ni jambo zuri, maana saa kumi jioni jua linakupiga usoni na unahitaji kitu kingine cha kutazama. Aliyejenga jukwaa aliligeuza magharibi. Njoo na kofia.

Njoo na koti la mvua pia. Hapa kwetu ni Tororo. Kati ya 1967 na 1976 walihesabu radi zetu wakapata wastani wa siku 251 kwa mwaka zenye ngurumo, na anayeishi hapa hashangai. Mechi zinaanza saa kumi, saa ileile ambayo mawingu nayo yanakuja kazini. Mwezi wa nne nilikaa chini ya bati la 5,000, mabao yakiwa moja kwa moja, ngurumo ikapiga na mwamuzi akawatoa wachezaji wote. Sawa, ni busara. Lakini bati lina matundu, na sisi wa viti vya heshima tukalowa kuliko wale wa nyasi waliokimbilia kwenye kantini. Mpira ulirudi baada ya muda mrefu. Mbele ya goli letu palikuwa na dimbwi. Beki akarudisha mpira kwa kipa taratibu kama kawaida, ukafika katikati ya maji ukasimama. Mshambuliaji wao, kijana mwembamba mwenye soksi zilizoshuka, alikuja akaupiga pamoja na dimbwi. Kipa alipata maji usoni na mpira wavuni. Mbili kwa moja.

Hilo ningesamehe. Nisilosamehe ni la langoni. Ilipokuja mechi na majirani zetu, ile inayojaza uwanja, nilifika na kadi yangu mkononi. Yule kijana wa risiti, yuleyule, akaniambia, "Nyabo," yaani mama, "leo ni mechi maalumu, wanachama wanalipa nusu." Nikamwuliza hiyo sheria iliandikwa lini. Akatazama chini. Nikampa noti ya 5,000, akaniambia balansi hakuna, nisubiri. Nilisubiri hadi mapumziko. Mwaka mzima walizitangaza mechi maalumu mara tatu, na zote tatu ndizo zilizokuwa na maana ya kutazamwa.

Kwa hiyo soka nyota mbili. Moja ya wachezaji, moja ya pikipiki.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya niandike. Klabu hii ina michezo mingi, angalau kwenye ubao wa langoni. Uwanja wa tenisi upo. Una nyufa, na kwenye ufa mmoja umeota mpapai ambao hakuna anayeung'oa kwa sababu umeanza kuzaa. Kuna voliboli ambayo askari wa kambini huja kucheza Jumapili, na hao wanapiga kweli, kaa mbali na wavu. Kuna meza mbili za puli, moja imeinama. Vishale ni vya wazee. Na nyuma ya yote hayo, karibu na ukuta wa choo, kuna kiwanja cha netiboli.

Nilicheza mpira wa pete shule ya msingi, nikiwa mlinzi, nikaacha nilipoanza kubeba watoto na marobota. Februari nilipita pale nikitafuta choo, nikakuta wanawake tisa wanagombania mpira mmoja wenye kipara. Mwalimu mmoja wa msingi, muuguzi, wauza samaki wawili, msichana wa saluni. Wakasema, "Dada, umekuja wa kumi, vua viatu." Sikurudi kutazama kipindi cha pili cha soka siku ile, na matokeo niliyasikia kwa mwanangu.

Tunakutana Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja. Hakuna anayelipwa kutufundisha. Yule mwalimu anajua sheria zote, anatusimamisha mtu akikaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, anatuhesabia kwa sauti kama watoto wa darasa la tatu. Wiki ya kwanza magoti yalinikataa. Wiki ya sita nilikuwa napanda ngazi za soko na robota kichwani bila kusimama kupumua, na mume wangu akaanza kuuliza nakula nini.

Mfungaji wetu, yule wa saluni, alikuwa hakosi. Nyumbani, mipira kumi, anatia tisa. Tukienda kucheza nje, Mbale au Busia, anapungukiwa kila mara. Mpira unagonga ukingo wa mbele wa pete unarudi. Wengine wakaanza kusema amerogwa, wengine kwamba anaogopa watu. Mimi nina futi ya kitambaa sokoni. Siku moja nilipanda juu ya kiti cha kantini nikapima nguzo yetu kutoka chini hadi kwenye pete: mita 2.87. Sheria inataka 3.05. Aliyetengeneza alikata chuma kikiwa kifupi, akachimbia nguzo chini zaidi isiyumbe, na hakuna mtu wa klabu aliyewahi kupima. Sentimita kumi na nane! Msichana amefanya mazoezi miaka miwili na pete ya uongo.

Tulipeleka habari ofisini. Tukaambiwa bajeti imekwisha. Nilikwenda kuisoma bajeti yenyewe, ilikuwa imebandikwa ukutani tangu mkutano wa mwaka: basi la kwenda Soroti, basi la kwenda Iganga, chakula cha wachezaji, marupurupu, waamuzi, viatu, basi tena. Soka ilijaza ukurasa. Netiboli ilikuwa na mstari mmoja: "mpira, 1." Ndio ule wenye kipara.

Najua jibu, nimeshapewa na wanaume wote wa kijiwe cha malwa, pombe ya ulezi: soka ndiyo inaleta watu. Ni kweli inaleta, siku tatu kwa mwaka. Lakini tukizungumza matokeo ya nchi, She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa saba Kombe la Dunia la 2019 Liverpool, na wa tano Cape Town 2023. Dunia nzima, wa tano! Cranes ya wanaume, ya soka, tuliisubiri kurudi Kombe la Afrika tangu 1978 hadi 2017, miaka 39. Kuna mzee mmoja hapo kijiweni ambaye kila mechi, akishika mrija wake, anasimulia fainali ya 1978 pale Accra kana kwamba yeye ndiye aliyekosa goli. Namheshimu sana mzee wangu. Siku nilipomwuliza kama anamjua Peace Proscovia, mfungaji maarufu wa She Cranes, aliniuliza ni binti wa nani.

Chuma tulikirefusha wenyewe. Na nani alichomelea? Kipa wa timu ya soka, Jumatatu asubuhi, bila kudai shilingi. Alitaka chai na chapati tu. Hii nyota ya nne ni yake. Mfungaji wetu alikosa wiki tatu mfululizo, akalia, kisha mkono ukazoea. Mwezi wa tisa tulikwenda Busia akafunga hadi wenyeji wakaomba pete ipimwe.

Chakula nipite haraka: kikomando cha kantini, chapati ya kukatwakatwa na maharage, ni 2,500 na maharage hayana mawe, muchomo, yaani nyama choma, ni mkavu, chai ya tangawizi ni nzuri kuliko chochote kinachotokea uwanjani. Choo cha wanawake ni kimoja na komeo lilikatika. Nenda na rafiki. Mafunzo ya watoto Jumamosi asubuhi ni 20,000 kwa mwezi, na mwanangu wa miaka tisa amejifunza kutumia mguu wa kushoto, ingawa mipira ni mitatu kwa watoto wengi mno. Anayewafundisha ni kiungo wa timu ya wakubwa, ambaye uwanjani ana hasira za kuombewa, lakini kwa watoto ni mpole ajabu.

Je, ulipe? Ukitaka soka peke yake, usilipe uanachama, lipa 3,000 langoni, kaa kwenye nyasi karibu na kantini, utakuwa mkavu na pesa itabaki. Ukiwa mwanamke wa mji huu unayekaa kwenye kibanda au ofisini kuanzia asubuhi, lipa hata leo.

Ila ujue habari ya kufuli. Mpira wetu unafungiwa stoo ya klabu, na ufunguo anao mtunza vifaa wa timu ya soka, ambaye husafiri na timu. Jumanne moja tulisimama mlangoni wanawake kumi na mmoja, tumevaa tayari, mpira tunauona kwenye upenyo wa ubao. Timu ilikuwa Soroti. Ufunguo nao ulikuwa Soroti. Tulikimbia kuzunguka uwanja hadi giza, kisha tukachanga. Sasa tuna sanduku letu la bati chini ya meza ya kantini, kufuli la 12,000, na mipira miwili mipya. Funguo ni mbili: mmoja kwa mwalimu, mwingine kwangu, safu ya mitumba, kibanda cha tatu ukitokea upande wa nyanya. Mtunza vifaa alikuja juzi kuazima mpira. Nilimwambia aandike jina kwenye daftari, chini ya mwenyekiti.